Kabati la mtoto lisiwe chanzo cha maradhi

Siku hizi si ajabu mzazi wa mjini Kisii, Nyamira au Keroka kuamua kumtengenezea mtoto wake kabati la nguo nyumbani badala ya kununua lililokwisha kuundwa. Bodi za MDF zinapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Zimenyooka, hazina fundo wala ufa kama mbao za msipresi zilizopasuliwa zikiwa mbichi, na hupokea rangi vizuri. Kwa bodi moja, skrubu, gundi na mkebe wa rangi, mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kumaliza kazi kwa siku chache.

Hilo ni jambo jema, nami sina nia ya kumkatisha mzazi yeyote tamaa. Lakini kabati la mtoto ni jambo la afya kama vile chakula chake na chandarua chake. Mtoto atalala karibu nalo, atalishika, atalipanda, na akiwa mdogo atalitafuna. Katika somo la juma hili tutaangalia mambo manne yanayoweza kumdhuru: vumbi, mvuke wa gundi, rangi, na kabati lenyewe kumwangukia. Yote manne yanazuilika, na karibu yote huzuiwa kabla kabati halijaingia chumbani.

MDF ni nini?

MDF si mbao iliyopasuliwa kutoka kwenye gogo. Ni nyuzi za mti zilizosagwa zikawa laini kama pamba, zikachanganywa na gundi, kisha zikashindiliwa kwa mashine yenye joto kali hadi zikawa bodi. Bodi ya kawaida ina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4. Ile ya unene wa milimita 18, ambayo hufaa kwa makabati, ina uzito wa karibu kilo 40.

Mambo mawili hapo yafaa kukumbukwa. Kwanza, kwa kuwa nyuzi zake ni ndogo mno, bodi hii ikikatwa hutoa vumbi jembamba kuliko la mbao ya kawaida. Pili, gundi inayotumiwa sana kuishikanisha hutengenezwa kwa kemikali iitwayo formaldehaidi, ambayo huendelea kutoka polepole kwa muda mrefu baada ya bodi kutoka kiwandani.

Vumbi

Msumeno ukikata mbao ya mkaratusi, sehemu kubwa ya takataka zake ni chembe nzito zinazoanguka miguuni pa fundi. Ukikata MDF, na hasa ukiipiga msasa, hutoka unga kama wa ngano. Unga huo huelea hewani, hutua juu ya blanketi na vyombo, na hupeperushwa tena kila mtu anapofagia. Chembe kubwa huzuiwa na pua, lakini zile ndogo hupita hadi ndani ya mapafu.

Mtoto huathirika kuliko mtu mzima kwa sababu tatu. Anapumua haraka zaidi, njia zake za hewa ni nyembamba na huziba upesi, na hucheza sakafuni ambako vumbi hutua. Kama ana pumu, siku moja ya kukata bodi ndani ya nyumba inaweza kumletea shambulio usiku huo huo.

Kwa mafundi, wanaovuta vumbi la mbao mwaka baada ya mwaka, hatari ni kubwa zaidi. Katika miaka ya 1960, madaktari nchini Uingereza waligundua kwamba saratani adimu ya ndani ya pua ilikuwa ikiwapata kwa wingi mafundi wa samani wa eneo la High Wycombe. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mzazi anayejenga kabati moja hana haja ya kupoteza usingizi kwa kuogopa saratani, lakini fundi wake anayo sababu ya kuvaa barakoa kila siku.

Wakazi wa Gusii wanaijua hatari ya vumbi la kazi. Huko Tabaka, wachongaji wa mawe hulowesha jiwe maji wanapolipiga msasa, na maji hulishika vumbi lisiruke. Kwa bahati mbaya ujanja huo haufai kwa MDF, kwani bodi hii ikinywa maji huvimba na kufumuka. Kwa hiyo hatuna budi kutumia njia nyingine:

1. Mwombe mwenye duka akukatie bodi kwa mashine yake kulingana na vipimo vyako. Maduka mengi yanayouza bodi hutoa huduma hiyo, na vumbi hubaki huko.

2. Kama ni lazima kukata nyumbani, fanyia kazi nje, upande ambao upepo unalipeleka vumbi mbali na madirisha. Mtoto asiwepo, na majirani waarifiwe wafunge madirisha yao.

3. Vaa barakoa ya N95 iliyobana usoni. Kitambaa au ile barakoa ya karatasi ya hospitalini haitoshi. Vaa pia miwani ya kukinga macho.

4. Usifagie kwa ufagio mkavu. Pangusa sakafu na vifaa kwa kitambaa chenye maji, kisha kifue.

5. Badilisha nguo na unawe uso na mikono kabla ya kumbeba mtoto.

6. Vumbi na vipande vya MDF visitumiwe jikoni wala kwenye banda la kuku. Najua wengi hupenda kutumia vumbi la mbao katika jiko lake maalumu, au kulitandaza chini ya vifaranga. Vumbi la mbao ya kawaida ni jambo jingine. Hili lina gundi ndani yake, na likichomwa hutoa moshi unaowasha macho na kuumiza kifua cha mama na mtoto aliye mgongoni.

Mvuke wa gundi

Harufu kali inayotoka kwenye bodi mpya, ile inayowasha macho na kukereketa koo, ni dalili ya formaldehaidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, lilishauri kwamba hewa ya ndani ya nyumba isizidi miligramu 0.1 ya kemikali hii katika kila mita moja ya ujazo, kwa nusu saa yoyote ile. IARC nayo iliitia kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 2004. Kwa mtoto wa kawaida nyumbani, tatizo tunalolitarajia ni macho kutoa machozi, mafua yasiyoisha, kikohozi na pumu kuchachamaa.

Hali ya hewa ya kwetu inalifanya jambo hili kuwa muhimu zaidi. Mvuke huu huongezeka bodi inapopata unyevu au joto. Mji wa Kisii uko katika nyanda za juu, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Usiku ni wa baridi, hivyo madirisha hufungwa mapema kwa sababu ya baridi na mbu. Chukua chumba kidogo chenye unyevu, dirisha lililofungwa, watoto wawili na kabati lililotengenezwa jana. Hewa wanayovuta hadi asubuhi ni ile ile.

Dawa yake si ghali. Unaponunua, uliza bodi yenye alama ya E1, ambayo maana yake ni kwamba kiwango cha formaldehaidi inayotoka kimedhibitiwa. Kisha ziba kila upande wa bodi, hata ule usioonekana. Watu wengi hupaka rangi mbele na ubavuni, wakaacha chini na nyuma wazi. Mvuke hauchagui upande wa kutokea, na kingo zilizokatwa ndizo huutoa zaidi. Kingo hizo pia hunywa rangi kama sifongo. Zipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo, ziache zikauke, zipige msasa mwepesi, kisha upake rangi ya kwanza na mbili za juu.

Baada ya hapo, subiri. Kabati likae barazani au sebuleni, milango ya nyumba ikiwa wazi mchana, kwa muda usiopungua majuma mawili kabla ya kupelekwa anakolala mtoto. Kama ni la mtoto anayetarajiwa kuzaliwa, limalizike miezi miwili kabla ya siku za mama kutimia, na mama mwenyewe asishiriki kukata wala kupaka rangi. Haraka haraka haina baraka.

Rangi na madini ya risasi

Hapa ndipo penye hatari ambayo haina harufu wala haiwashi macho. Kwa miaka mingi, watengenezaji wa rangi za mafuta walitia madini ya risasi ili rangi ing'ae, ikauke upesi na idumu. Rangi za kukolea kama manjano, chungwa na nyekundu, ambazo ndizo watoto huzipenda, mara nyingi ndizo zilizokuwa na risasi nyingi. Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978. Hapa Kenya, vipimo vilivyofanywa katika miaka ya 2010 vilionyesha kwamba baadhi ya rangi za mafuta zilizokuwa madukani bado zilikuwa na risasi nyingi. Kiwango kilichowekwa nchini na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ni kwamba risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja za rangi.

Risasi humfanya nini mtoto? Huingia kwenye damu na kupunguza nguvu zake, kisha huuathiri ubongo unaokua. Mtoto huchelewa kusoma, hukosa utulivu, na uwezo wake wa kufikiri hupungua. Uharibifu huo haurudi nyuma. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwili wa mtoto mdogo unaweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichomeza, na mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma hufyonza zaidi.

Wakenya wamekwisha kuona madhara ya madini haya. Katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kati ya mwaka 2007 na 2014 kiliwaachia wakazi, wakiwemo watoto, sumu ya risasi mwilini. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Kesi hiyo iliendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2024 iliwapa wakazi haki yao. Kabati lako si kiwanda cha betri, lakini risasi ni ile ile, na mtoto wa miezi minane anayeota meno hutafuna kila ukingo anaoufikia.

Kwa sababu hiyo, tumia rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na samani. Chagua mkebe uliofungwa, wenye jina la mtengenezaji, alama ya KEBS na maandishi yanayosema haina risasi. Usinunue rangi iliyopimwa kwenye mkebe usio na jina. Na kama una kitanda au kabati la zamani unalotaka kulipaka upya, usilipige msasa mkavu, kwani utaigeuza rangi ya kale kuwa vumbi la risasi. Rangi inayobambuka kutoka kwenye samani ya zamani ni afadhali isiwe chumbani mwa mtoto kabisa.

Kuhusu rangi inayopulizwa kwa mashine, mwachie fundi mwenye vifaa. Baadhi ya rangi hizo huchanganywa na kigumishi kabla ya kupulizwa, na kigumishi hicho kinaweza kuwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo humtia mtu mzima pumu ya kudumu. Hazifai kamwe kupuliziwa nyumbani.

Tina katika chupa ya soda

Faida nyingine ya rangi ya maji ni kwamba brashi huoshwa kwa maji na sabuni. Anayetumia rangi ya mafuta huhitaji tina au mafuta ya taa, na mara nyingi huyahifadhi katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, bali anajua kwamba chupa ile huwa na kitu kitamu.

Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ya kupikia ili atapike. Tina na mafuta ya taa hudhuru zaidi yanapoingia mapafuni, na kutapika ndiko huyapeleka huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, kisha mkimbize hospitalini pamoja na chupa yenyewe. Mpeleke hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa kupumua kwa shida kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Kipimo kinachofaa

Sasa tujenge. Kabati la mtoto halina haja ya kuwa refu kama la baba yake. Vibanio vya kutundikia nguo za mtoto vina upana wa kama sentimita 30, kwa hiyo kina cha sentimita 40 kinatosha. Ukichukua bodi moja ya futi 8 kwa 4 na kuikata vipande vitatu virefu vya sentimita 40, utapata kabati zima lenye kimo cha sentimita 120 na upana wa sentimita 90:

- Kipande cha kwanza hutoa mbavu mbili za sentimita 120.
- Kipande cha pili hutoa ukuta wa katikati, ambao utapunguzwa kidogo ili ukae kati ya juu na chini, pamoja na sehemu ya juu ya sentimita 90.
- Kipande cha tatu hutoa sehemu ya chini ya sentimita 90, na rafu mbili za upande mmoja.

Upande wa pili hupata fimbo ya kutundikia nguo, kwa kimo ambacho mtoto mwenyewe anafikia bila kupanda kitu. Nyuma ya kabati hufunikwa kwa bodi nyembamba. Toboa matundu kabla ya kukaza skrubu, la sivyo MDF itapasuka ukingoni. Miguu ya sentimita 5 chini yake itazuia maji ya kupigia deki yasiifikie bodi.

Utaona kwamba sikutaja milango. Pazia la kitambaa kinachofulika linatosha. Bodi inayotumika ni chache, kwa hiyo mvuke ni mchache. Vidole havibanwi, na mtoto anayejificha ndani wakati wa mchezo hawezi kufungiwa akakosa hewa. Ukipenda milango, tumia sumaku ya kuishikilia na wala si kufuli au komeo.

Lisimwangukie

Kabati hili, kabla ya kutiwa nguo, lina uzito unaozidi kilo 30. Mtoto wa miaka mitatu huona rafu kama ngazi. Anapopanda, uzito wake huvuta mbele, na kabati humwangukia kifuani au kichwani. Nchini Marekani, vifo vya watoto vilivyotokana na samani kuanguka viliifanya kampuni ya IKEA mwaka 2016 kuitisha mamilioni ya makabati yake ya droo, na mwaka 2022 ikapitishwa sheria inayotaka makabati ya nguo yapimwe yasianguke mtoto anapoyapanda.

Kwetu, kinga ni vyuma viwili vya umbo la herufi L na skrubu zake. Vifunge juu ya kabati, kimoja kila upande, viingie ukutani. Kwenye ukuta wa matofali au mawe, toboa kwa dirili na utie plagi kabla ya skrubu. Kwenye nyumba ya udongo, tafuta nguzo ya mti ndani ya ukuta, kwani udongo mtupu hautashika. Mpangaji azungumze na mwenye nyumba mapema. Tundu la skrubu huzibwa kwa simiti kidogo siku ya kuhama. Weka nguo nzito rafu ya chini, na usiweke kamwe televisheni, peremende wala vitu vya kuchezea juu ya kabati, maana ndivyo humwita mtoto kupanda.

Vile vidonge vyeupe

Kabati likikamilika, wengi hutia ndani vidonge vyeupe vya nafthalini kufukuza nondo na mende. Visitiwe kwenye nguo za mtoto mchanga. Kuna kasoro ya damu ya kurithi, iitwayo upungufu wa G6PD, ambayo hupatikana sana miongoni mwa jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, na eneo zima la Ziwa Victoria limo. Mtoto mwenye kasoro hiyo akivuta mvuke wa nafthalini kutoka kwenye blanketi lake, chembe zake za damu huvunjika, macho yakawa manjano, na ubongo unaweza kudhurika. Anika nguo juani na uzikunje zikiwa kavu. Inatosha.

Wakati wa kumwona daktari

Usingoje asubuhi iwapo mtoto anapumua haraka au kwa kukoroma, mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, au midomo inabadilika rangi. Hali kadhalika, mtoto aliyeangukiwa na kabati akatapika, akalala isivyo kawaida au akazimia, apelekwe hospitalini mara moja. Mtoto mchanga mwenye macho ya manjano naye apelekwe siku hiyo hiyo. Kikohozi au macho mekundu yanayoanza kabati jipya linapoingia chumbani, na kutulia mtoto anapolala kwingine, mweleze daktari hivyo hivyo. Daktari hawezi kukisia kwamba ulijenga kabati.

Maswali ya kujipima

1. Bodi itakatwa dukani au nyumbani, na mtoto atakuwa wapi siku hiyo?
2. Je, pande zote za bodi, pamoja na chini na nyuma, zimepakwa?
3. Mkebe wa rangi una jina la mtengenezaji, alama ya KEBS na maandishi kwamba haina risasi?
4. Kabati limekaa majuma mawili penye hewa?
5. Ukilivuta kwa mkono kutoka juu, linatikisika, au limeshikwa na ukuta?

Ukiweza kuyajibu yote bila kusita, ingiza kabati chumbani, na mwache mtoto atundike nguo zake mwenyewe.